Kidole Gumba cha Editha

Sehemu ya tisa

Msomaji aliyenifuata hadi wiki iliyopita aliniacha nimekaa juu ya gunia la nazi katika soko la Tandale, gitaa la marehemu mke wangu likiwa mapajani, na mbele yangu Bi Mauwa akiniuliza swali ambalo sikulijibu: "Shemeji, nani kaugusa uzi wa sita?"

Kwa anayetusoma leo kwa mara ya kwanza nitafupisha. Misiba yangu haina upekee wowote, isipokuwa kwamba mingi niliisababisha mwenyewe.

Jina langu ni Lusungu. Kwa miaka ishirini na tisa kazi yangu imekuwa kusahihisha miswada ya vitabu vya watu wengine. Miaka miwili iliyopita binti yetu wa pekee, Asifiwe, aliacha masomo ya sheria akiwa mwaka wa pili, akatuandikia barua ya kurasa nne kutueleza kwamba anataka kupiga gitaa. Aliiweka mezani akatoka. Niliisoma kalamu nyekundu ikiwa mkononi, kwa mazoea tu, na aliporudi aliikuta palepale, imesahihishwa kuanzia salamu hadi jina lake. Mimi sikuwa nimeandika jibu hata la mstari mmoja. Aliikunja, akaichukua pamoja na nguo zake, akaondoka.

Mke wangu Editha, fundi cherehani ambaye nusu ya Mtoni Kijichi ilivaa mikono yake, alifariki mwezi uliopita kwa kisukari. Alipokwisha kuzikwa ndipo nilipogundua kwamba zile Alhamisi zote alizoniaga kuwa anakwenda Jumuiya, alikuwa akija Tandale kujifunza gitaa. Jumuiya ya mtaani kwetu husali Jumamosi. Mume anayesali angeligundua jambo hilo wiki ya kwanza. Mimi nilihitaji msiba.

Nyuma ya cherehani yake nilikuta gitaa, na katika simu yake kipande kimoja cha muziki, dakika tatu na sekunde arobaini, alichokipa jina la "Alhamisi". Ni bluzi, muziki wa Wamarekani weusi ambao, kwa kadiri nilivyosoma, ulianzishwa na watu waliokuwa na sababu za kulia na hawakuwa na ruhusa. Editha alipokuwa hai niliwahi kumwambia kwamba huzuni ya kuazima haitufai watu ambao tunayo ya kwetu ya kutosha. Alinijibu, "Sawa, baba Asifiwe," akaendelea kukata kitambaa.

Jumamosi ingekuwa arobaini yake. Siku hiyo vitu vya marehemu hugawiwa, na gitaa lingetoka nyumbani kwangu kwenda kwa yeyote ambaye mama mkwe angemchagua. Nilikuwa nimejipa kazi moja: kuupiga wimbo huo wa Editha mara moja, mbele ya watu, kabla gitaa halijatoka. Wiki tatu nilijifunza peke yangu kwa kusikiliza simu, nikashindwa, ndipo nikaifuata namba ya mwalimu wake hadi sokoni. Hiyo ilikuwa Jumanne.

"Nakuuliza, shemeji," Bi Mauwa alirudia. "Uzi wa sita kaugusa nani?"

"Mimi."

"Lini?"

"Siku ya tatu baada ya mazishi. Nilizipima nyuzi zote kwa programu ya simu. Tano zilikuwa sawa, huo mmoja ulikuwa chini. Nilidhani umelegea kwa kukosa mtu wa kuutunza, nikaukaza."

Bi Mauwa aliokota nazi mbili, akazigonganisha karibu na sikio. Moja aliirudisha kwenye fungu la kuuza, nyingine akaitupa kwenye debe la mbovu. Asubuhi huuza nazi za jumla. Mwisho wa wiki hupiga gitaa katika bendi ya mgahawa mmoja wa Msasani, ambako watu hula kamba wakubwa huku wakisikiliza mashaka ya wengine. Sikio lake ni lilelile kwa kazi zote mbili.

"Haukulegea," alisema. "Ulilegezwa. Uzi mnene ule unashushwa kutoka sauti ya E mpaka ya D. Ukishauteremsha, kidole gumba kinaupiga hivihivi mtupu, mkono wa kushoto hausumbuki nao. Ndiyo siri ya nyimbo zile. Sasa wewe umekaa wiki tatu unaitafuta sauti ambayo umeshaitoa ndani ya gitaa kwa mkono wako mwenyewe."

"Unaweza kuirudisha?"

"Kwenye D? Hata nikiwa nimefumba macho. Lakini pale alipouacha mkeo, siwezi. Editha alikuwa hasimami kwenye D. Anapitiliza kidogo, anasikiliza, anasema hapa panatosha. Alhamisi ya mwisho kauweka mwenyewe hapohapo ulipokaa wewe. Ndo alama ya mkono wake iliyokuwa imebaki humo, shemeji. Umeifuta."

Watu husema kwamba muda ni tabibu. Leseni yake sijaiona.

Bi Mauwa aliuteremsha uzi hadi D, akanirudishia gitaa. "Haya. Nionyeshe hizo wiki tatu."

Nilipiga. Ugumu wa upigaji huu ni kwamba mkono wa kulia hutakiwa kuwa na watu wawili ndani yake. Kidole gumba hutembea kwenye nyuzi nene kwa mwendo usiobadilika, na vidole vingine huimba juu yake wimbo ambao haukisubiri wala haukifuati. Mimi kila kidole changu cha shahada kilipotaka kusema neno, kidole gumba kilisimama kukisikiliza.

Bi Mauwa alinivumilia kwa muda wa kukuna nusu ya nazi.

"Acha," alisema. "Vidole vyako vinafuatana kama watoto wa chekechea wanavushwa barabara. Kidole gumba ni mlinzi wa geti, shemeji. Kinatembea huku, kinarudi huku. Mgeni kaingia, mgeni katoka, chenyewe hakihusiki. Chako kinamwamkia kila anayepita."

Mchukuzi mmoja aliyekuwa akipita na gunia kichwani alisimama. "Ma'mkubwa, huyo mzee anajifunza au anaadhibiwa?"

"Pita na mzigo wako," Bi Mauwa alimjibu. "Huyu kafiwa."

"Pole, mzee," yule mchukuzi alisema, naye alimaanisha.

Niliweka gitaa chini. "Bi Mauwa, mke wangu alianza kujifunza akiwa na miaka arobaini na minane. Hakuwa na kipaji cha muziki. Kanisani walimwondoa kwenye kwaya. Aliuwezaje wimbo huu?"

"Hakuuweza."

"Nimemsikia kwenye simu."

"Umesikia gitaa. Hebu niambie wewe, uliyelala naye kitanda kimoja: vidole vyake vilikuwaje?"

Nilijua vilivyokuwa. Kisukari kilikuwa kimevitia ganzi, cha shahada na cha kati na vyote vilivyofuata. Mwaka wa mwisho alikuwa akijichoma sindano bila kujua, hadi wateja wakaanza kurudisha magauni yenye matone ya damu. Nilimwambia avae kastabini ya kukinga kidole. Huo ndio mchango wangu katika ugonjwa wake.

"Kilichobaki na uhai ni kidole gumba," Bi Mauwa alisema. "Basi tukampa kazi ya kidole gumba. Anayepiga nyuzi za juu ni mtu mwingine."

"Nani?"

Alichukua nazi mbili nyingine, akazigonga, akazigonga tena, ingawa nilisikia hata mimi kwamba zote zilikuwa nzima.

"Nimeapishwa nisikwambie. Msahafu sikushika, lakini kuapa nimeapa. Kwa hiyo sikwambii. Nakuuliza tu. Kwenye nyumba yenu kuna mtu mwingine aliyewahi kuondoka kwa ajili ya gitaa?"

Soko la Tandale lina kelele nyingi. Kwa muda fulani sikusikia hata moja.

"Gitaa lilikuwa hilihili moja," aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Benchi ndo lile pale. Mtoto anakaa nalo pajani, mkono wa kushoto wake, vidole vya juu vyake. Mama anajibana kuliani kwake hapa, kidole gumba chake kinatembea kwenye nyuzi nene. Mtu akipita nje anadhani anapiga mmoja. Mwaka na nusu, kila Alhamisi. Mkeo alikuwa hajifunzi bluzi, shemeji. Alikuwa anakaa na mwanawe. Mtoto alikuwa anataka mkono wa kumsaidia, mama akaleta aliokuwa nao."

Nilitoa mfukoni karatasi yangu. Kwa wiki tatu nilikuwa nimekichambua kile kipande kama mswada, mzunguko kwa mzunguko, pigo kwa pigo, na kila dosari nimeiandika. Nilimwonyesha mstari mmoja ambao sasa sikuuelewa tena: *Mzunguko wa pili, pigo la mwisho la kidole gumba kabla ya kurudi mwanzo: limekosekana. Kelele ya nje.*

"Kelele gani ya nje?" aliuliza.

"Mtu anakohoa. Mpita njia, nadhani."

Tuliisikiliza simu pamoja. Bi Mauwa aliinamisha kichwa mpaka pale palipofika.

"Hakohoi yule," alisema. "Anacheka. Mama kasahau pigo lake, mwanao anacheka."

*

Nilitaka kwenda kumtafuta siku ileile. Bi Mauwa alinizuia kwa hoja ambayo hata mimi, mtu wa kushuku hoja, sikuweza kuipangua.

"Utamwambia nini? Kwamba umekuja kukagua? Jumamosi anakuja kwenu mwenyewe. Kamwahidi bibi yake. Anakuja, anapokea atakachopewa, anaondoka. Haji kwako, elewa hilo. Anakuja kwa mama yake."

"Na mimi nifanye nini?"

"Una siku nne. Vidole vya juu achana navyo, vina mwenyewe. Jifunze kidole gumba."

Nilirudi Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Kazini niliomba likizo ya dharura, na mhariri mkuu akaandika katika fomu kwamba nina "mazoezi ya kitabibu". Nilikaa kwenye lile benchi, upande wa kulia, mahali ambapo ubao ulikuwa umeng'aa kidogo kwa kukaliwa. Bi Mauwa alishika gitaa, akaimba juu kwa vidole vyake, nami nikatembeza kidole gumba: uzi wa sita, uzi wa nne, uzi wa sita, uzi wa nne. Hakuna kazi rahisi zaidi duniani. Nilitokwa na lengelenge, likapasuka, nikatokwa na jingine.

Ijumaa mchana tulimaliza wimbo wote bila kusimama. Nilifanya jambo ambalo si kawaida yangu: niliuliza kama ilikuwa vizuri.

"Mwendo umeupata," Bi Mauwa alisema. "Ila mzunguko wa pili, pale mwishoni, unajaza."

"Najaza nini?"

"Lile pigo. Editha alikuwa halipigi. Kila siku analisahau palepale, kila siku wanacheka, mwisho ikawa ndivyo wimbo ulivyo. Mtoto anaacha nafasi anamsubiri mama asahau."

"Ni kosa, Bi Mauwa."

"Ni kosa, ndiyo."

"Wiki zote tatu nimelifanyia mazoezi likiwa limesahihishwa."

Alinitazama kwa muda mrefu, jinsi anavyoitazama nazi ambayo sauti yake haimpi jibu. Mteja alimwita. Aliinuka akaenda, na aliporudi alizungumza mambo mengine. Nililichukua lile kama jambo lililokwisha. Nakiri kwamba nililihesabu kuwa sifa.

*

Jumamosi ilikuwa misa, kisha turubai, kisha pilau. Nimesimulia mazishi katika sehemu ya nne, na arobaini haikutofautiana sana, ila watu walikula zaidi na kulia kidogo.

Mama mkwe wangu, Auleria, alikuwa amefika kwa basi kutoka Bukoba siku mbili kabla. Ana miaka sabini na sita, na nyumbani kwangu hajawahi kupaza sauti, kwa kuwa hajawahi kuhitaji. Alikaa kwenye mkeka na vitu vya binti yake vikiwa vimepangwa mbele yake: cherehani, mikasi, vitenge, mwavuli, rozari, gitaa.

Ukoo wake una desturi moja ambayo sikuwahi kuiona kwingine. Kitu cha marehemu hakipokelewi kikapelekwa nyumbani. Hutumiwa palepale mbele ya watu, hadi mwisho wa matumizi yake, ili marehemu aone kwamba kimepata mikono. Kikiwekwa chini katikati, kimekataliwa, na hurudi kwa ukoo.

Kwa hiyo Anjelina, mpwa wa Editha, alipewa cherehani akashona mstari mmoja mzima kwenye kipande cha shuka. Shemeji yangu alipewa mwavuli, akaufungua chini ya turubai, akazunguka nao safu nzima ya viti, akaufunga. Hakuna aliyecheka. Mimi nilipewa rozari. Niliishika punje moja moja hadi mwisho, nikiwa sijui maneno, na mama mkwe wangu alinitazama hadi punje ya mwisho.

Bajaji ilisimama getini. Nilimsikia kabla sijamwona.

"Usizime," alimwambia dereva. "Sikai."

"Dakika ngapi, sista?"

"Chache."

Asifiwe aliingia. Amekonda. Alivua viatu ukingoni mwa mkeka, akampigia magoti bibi yake, wakashikana kwa muda. Alipoinuka njia ilimleta mbele yangu, na hapakuwa na njia nyingine.

"Shikamoo."

"Marahaba."

Hilo lilikuwa neno la kwanza kati yetu katika miaka miwili; hata mazishini hatukusemezana. Nilikuwa nimeandaa mengine.

Auleria alilinyanyua gitaa kwa mikono miwili. "Hili ni la mjukuu wangu," alisema. "Kama kuna mwenye neno, aseme sasa." Hakuna aliyekuwa na neno. Asifiwe alilipokea, akaenda kukaa kwenye benchi tuliloazima kanisani. Benchi lilikuwa refu. Alikaa kushoto kabisa, akaacha nafasi kuliani kwake, na nafasi hiyo hakuna aliyehitaji kuelezwa ilikuwa ya nani.

Aligusa uzi wa sita. Uso wake ulibadilika.

Bi Mauwa alikuwa ameuweka kwenye D, kamili kabisa, kwa kadiri ambavyo chombo chochote kingeweza kuthibitisha. Asifiwe alishika kifungo cha kukazia uzi akakizungusha polepole, sikio lake likiwa juu ya ubao. Sauti ikashuka, ikaipita D, ikaendelea kidogo, ikasimama. Alama ile niliyoambiwa imefutwa ilikuwa bado ipo mahali pengine pamoja, sikioni mwa binti yangu, na kwa miaka miwili nilikuwa nimeifungia nje ya mlango wangu.

Kisha akaanza, kwa vidole vya juu tu. Kidole gumba chake alikikunja ndani ya kiganja.

Sijui namna ya kuusimulia wimbo usiokuwa na sehemu ya chini. Watu waligeuzageuza viti. Mtoto mmoja aliuliza mbona gitaa limeharibika. Kila sauti ilitoka ikakosa pa kukaa, na Asifiwe aliendelea kupiga akitazama mbele, akikisubiri kidole ambacho sote tulikuwa tumekizika.

Niliinuka. Kutoka kwenye kiti changu hadi kwenye benchi ni hatua tisa. Nilikaa mahali palipoachwa. Hakunitazama, hakusogea, wala hakusimama. Niliweka kidole gumba juu ya uzi mnene, nikausubiri mwanzo wa mzunguko, nikaingia.

Uzi wa sita, uzi wa nne. Uzi wa sita, uzi wa nne.

Nilihisi bega lake likishtuka, kisha likitulia. Wimbo ulikaa chini. Nyuma yetu mtu alianza kulia, nadhani alikuwa Anjelina. Mzunguko wa kwanza ulikwisha, Asifiwe akauanza wa pili, na bega lake likaliegemea langu, kwa uzito wa kitabu chembamba. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na sita na sikuwa nimewahi kufanya kitu chochote vizuri kiasi kile.

Tukakaribia mwisho wa mzunguko. Nilimsikia akivuta pumzi. Vidole vyake viliinuka kutoka kwenye nyuzi, vikabaki hewani, vikasubiri.

Na kidole gumba changu, ambacho kimelelewa nami kwa miaka hamsini na sita, kilipiga lile pigo. Kwa usahihi kamili.

Asifiwe alisimamisha mkono.

"Mbona umejaza?" Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyeamshwa.

"Palikuwa na pengo."

"Palikuwa na mama."

Bega lake liliondoka kwenye langu. Alilaza gitaa kwenye benchi kati yetu, taratibu, akaenda kuvaa viatu. Kamba ya kimoja ilimsumbua. Alikivaa hivyohivyo bila kuifunga.

"Asifiwe," nilisema. Ni jina nililolichagua mwenyewe, na sikuwa na neno la kuweka baada yake.

Auleria ndiye aliyezungumza, tena kwa sauti ileile ya siku zote. "Kitu kimewekwa chini katikati. Hakijapata mikono. Kesho asubuhi kinapanda basi pamoja nami."

"Mama, naomba..."

"Usiniombe mimi, baba Asifiwe. Si mimi niliyekiweka chini."

Nilichukua gitaa. Sikuwa na haki ya kulichukua, na mtu mzima mmoja wa ukoo alinyoosha mkono kunizuia, lakini Auleria akamtazama, mkono ukarudi. Nilitoka nalo juani.

Asifiwe alikuwa amefika kwenye bajaji. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika nguzo, mguu mmoja ndani, mgongo wake kwangu. Injini ilikuwa ikinguruma kwa sababu alimwambia dereva asizime.

Sikusema lolote. Kila nilichowahi kumwambia binti yangu kilikuwa ni marekebisho. Nililikumbatia gitaa kifuani kama mtu anayebeba mtoto aliyelala, nikaweka kidole gumba juu ya uzi mnene pale alipouacha yeye, ndipo alipouacha mama yake pia. Uzi ule hauhitaji mkono wa kushoto. Ndiyo siri ya nyimbo zile.

Uzi wa sita, uzi wa nne. Dereva alipunguza moto wa injini, sijui kwa adabu au kwa udadisi. Mzunguko wa kwanza niliupiga peke yangu, bila wimbo juu yake, sakafu isiyo na nyumba. Sikuinua macho. Niliingia mzunguko wa pili nikihesabu, na nilipofika mwishoni, pale mahali, kidole changu kilitaka kushuka. Nilikiona kikitaka. Nikakizuia.

Pigo halikupigwa. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na tisa niliona kosa nikaliacha.

Katika ule ukimya, kutoka upande wa bajaji, nilisikia kitu kimoja kifupi. Mgongo wake ulitikisika mara moja. Niliwahi kuisikia sauti hiyo kwenye simu ya marehemu mara zisizopungua mia, nikaiandika kuwa kelele ya nje, kwa hiyo sasa sithubutu kuiita jina lolote.

Nikaanza mzunguko wa tatu.

"Sista," dereva aliuliza, "tunasepa, au nizime?"

Mguu mmoja wa Asifiwe ulikuwa bado ndani ya bajaji, na mwingine, wenye kiatu kisichofungwa, ulikuwa bado mchangani.